Hewa ya Mlima na Mbu wa Nyika: Habari za Waliotafuta Mahali pa Kukaa Usambara

Watu wanaohama hawahami kwa sababu moja. Wako wanaokimbia vita, wako wanaofuata chakula, na wako wanaofuata biashara. Walakini wako pia wanaohama kwa kuitafuta hewa njema, yaani mahali penye baridi ya kiasi, maji safi, na nafasi ya kutembea na kuupumzisha mwili. Wengi hudhani kwamba hili ni jambo la anasa, la watu wenye mali tu. Lakini zamani katika nchi zetu lilikuwa jambo la kuishi au kufa, na waliokosea katika kuchagua makaburi yao yapo hata leo.

Twataka kulieleza jambo hili kwa kuitazama milima ya Usambara, kwa kuwa hapo walikutana watu wa namna tatu: wenyeji wa milima, wamisionari, na Wajerumani watawala pamoja na walowezi wao. Wote watatu walisema kwamba mlimani kuna afya. Lakini hawakumaanisha jambo moja, wala hawakuchagua kwa njia moja. Tofauti yao ndiyo habari yetu.

Kwanza yafaa kuijua nchi yenyewe. Mtu atokaye Tanga kwenda bara huiona milima imesimama kama ukuta. Imegawanyika sehemu mbili, ya mashariki na ya magharibi, na katikati yake limepita bonde la mto Lwengera. Amani, iliyo upande wa mashariki, iko kadiri ya mita 900 juu ya bahari. Lushoto, upande wa magharibi, iko kadiri ya mita 1,400, na vilele vyapita mita 2,000. Kwa kawaida joto hupungua kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 mtu apandazo. Basi aliyeondoka Tanga akitokwa na jasho, usiku wa Lushoto hutafuta blanketi.

Wenyeji wa milima hii, ambao kwa Kiswahili tumezoea kuwaita Wasambaa, waligawanya nchi kwa majina mawili. Juu ni shambaai, chini ni nyika. Majina haya si ya kutaja urefu wa mahali tu. Shambaai ndipo penye mvua, migomba, chemchemi na makaburi ya wazee. Nyika ni nchi ya jua kali, miiba, wanyama wakali na homa. Mshambaa alishuka nyika kwa shughuli yake, akawinda, akalima, akafanya biashara, kisha akapanda kwao. Hakupenda kulala huko bila sababu.

Lakini tusidhani kwamba watu hao walikimbilia vilele. Huko juu kabisa ni msitu na baridi kali, na migomba haistawi vema. Vijiji vingi vilijengwa penye urefu wa kati, na vingi vilikuwa karibu na ukingo wa mlima, mahali ambapo mtu huweza kuitazama nyika chini ya miguu yake. Sababu yake ni ya akili sana. Aliyekaa ukingoni alikuwa na mashamba ya namna mbili: migomba yake mlimani, na mazao ya nchi ya joto chini nyikani. Mvua ikikosekana upande mmoja, huenda ikapatikana upande wa pili. Aliweza kushuka asubuhi na kurudi jioni, asilale kwenye homa. Basi Wasambaa waliichagua hewa njema, lakini waliichagua pamoja na chakula na pamoja na njia. Hawakuyatenga mambo haya matatu.

Habari za watawala wao twazipata katika kitabu cha Kiswahili ambacho wasomaji wetu wengi wanakijua, nacho ni Habari za Wakilindi. Kilitungwa na Abdallah bin Hemedi, kikapigwa chapa kwa sehemu tatu katika kiwanda cha misheni cha Magila kati ya mwaka 1895 na 1907. Humo twasoma jinsi Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, alivyopanda milimani, akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, hata wakamfanya mfalme, na Vugha ukawa mji wa ufalme. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ufalme huo ulifika hata pwani, walakini mfalme alikaa mlimani.

Baada yake mambo yaligeuka. Semboja, mwanawe, alifanya makao yake Mazinde, chini nyikani, penye njia ya misafara. Huko alipata bunduki na bidhaa, na kwa nguvu hizo akaushinda Vugha. Twamtaja kwa sababu yeye ni ushahidi kwamba wenyeji hawakufungwa na desturi kama mbuzi kwenye kamba. Aliijua homa ya nyika kama walivyoijua wengine, akapima faida na hasara, akachagua biashara kuliko hewa. Matokeo yake yalikuwa vita vya miaka mingi na watu wengi kuuzwa utumwani.

Sasa tuwatazame wamisionari. Daktari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo homa ikamwua mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann walihamia Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa, kwa kuwa huko hewa ilionekana kuwa bora kuliko ya kisiwani, na watu waliotaka kuwafundisha walikuwa karibu. Mwaka 1848 Krapf alifika Usambara, na mwaka 1852 akarudi tena. Aliona nchi yenye baridi, vijito na watu wengi, akaonana na Kimweri, na tangu hapo Usambara ukatajwa katika barua za Ulaya kama nchi ya afya.

Mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke nao walipanda hata Vugha, wakamwona Kimweri akiwa mzee sana. Waliporudi Pangani homa iliwakamata wote wawili. Tuliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Wamisionari wa Universities' Mission walijifunza kwa machozi, si Usambara bali mbali kusini, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1861 Askofu Mackenzie alijenga Magomero. Palikuwa katika nchi ya juu, na kwa hesabu ya urefu pangefaa. Lakini mahali penyewe palikuwa padogo, katika pindo la mto, na watu waliookolewa utumwani walisongamana humo. Kuhara kukaingia, kisha njaa. Askofu mwenyewe aliposhuka mtoni mtumbwi ulipinduka, dawa zikapotea, naye akafariki kwa homa tarehe 31 Januari 1862. Wengine wakamfuata.

Askofu Tozer aliyekuja mahali pake mwaka 1863 alisema moyoni kwamba kosa lilikuwa ni kukaa chini. Akahamia mlima wa Morambala, karibu na mto Shire. Huko alipata urefu, lakini alipata pia ukungu, mvua na baridi isiyokwisha, tena watu wa kufundishwa walikuwa wachache. Mwaka 1864 akaondoka, akaja Unguja pamoja na Daktari Steere. Livingstone alikasirika sana kwa kuhama huku. Lakini tukiyatazama mambo kwa utulivu twaona kwamba Morambala ulifundisha jambo ambalo Wasambaa walilijua zamani: urefu peke yake si afya. Mahali pasipo na watu, chakula wala njia, hata pakiwa na upepo mtamu, si mahali pa kukaa.

Kutoka Unguja misheni hiyo ikageuza uso kuelekea Usambara. Padre Alington alipanda Vugha mwaka 1867, akaomba kujenga huko juu. Hakupewa mlima, alipewa ruhusa ya kukaa Magila, katika nchi ya Bonde, chini ya milima, na kazi ikaanza mwaka 1868. Padre Farler alifika mwaka 1875, na kazi ikakua. Magila hapakuwa na baridi ya Vugha, na homa ilikuwapo. Lakini palikuwa na watu, mashamba, na njia ya pwani. Kwa hiyo shule ilisimama, na kiwanda cha chapa kikasimama, na kitabu cha Abdallah bin Hemedi tulichokitaja kikatoka humo. Je, tuseme Magila palichaguliwa vibaya? Kwa hewa, labda. Kwa kazi, hapana.

Hapa imetupasa kusimama kidogo tuyatazame maneno, kwa kuwa neno huhifadhi fikira za watu kama kibuyu kihifadhivyo maji. Watu wa Ulaya waliiita homa hii malaria. Neno hilo limetoka Italia, na maana yake ni hewa mbaya. Waliamini kwamba mvuke utokao katika matope na majani yaliyooza huingia mwilini na kuleta homa. Kwa hiyo dawa yao ilikuwa kupanda juu, penye hewa safi. Neno lenyewe liliwaongoza, na kwa sehemu liliwaongoza vema. Lakini liliwaficha sababu.

Wasambaa walikuwa na neno lingine. Daktari Robert Koch wa Ujerumani, aliyekuwa katika nchi hii mwaka 1897 na 1898, aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara, waliposhuka nyika na kupata homa, waliiita homa hiyo mbu. Walipoulizwa sababu ya jina hilo, walisema kwamba huko chini wako wadudu waitwao mbu, nao ndio wanaowauma na kuwatia ugonjwa. Jina la mdudu na jina la ugonjwa lilikuwa moja.

Nayo ilikuwa miaka ile ile ambayo wataalamu walikuwa wakilitafuta jambo hili kwa darubini. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Bara Hindi, Ronald Ross aliona chembe za malaria tumboni mwa mbu. Basi elimu ya darubini na neno la wachunga mbuzi wa Usambara vilikutana. Hatusemi kwamba Wasambaa walijua kila kitu. Hawakuijua chembe, wala hawakujua namna inavyokua ndani ya mdudu. Lakini walikuwa wameitazama nchi yao kwa vizazi vingi, wakaona nani anaumwa na nani haumwi, wakaliweka jibu katika neno moja fupi.

Leo twaweza kueleza kwa nini mlima ulisaidia. Chembe ya malaria ikiingia tumboni mwa mbu huhitaji joto ili ikomae. Ile iliyo kali kuliko zote haiwezi kukomaa vema joto likiwa chini ya digrii 18 hivi, na mbu hufa kabla haijawa tayari. Basi si hewa safi iliyowaponya watu wa mlimani, bali baridi iliyomzuia adui wao. Tena homa haianzi siku ile mtu aumwapo na mbu, bali baada ya siku kumi au zaidi. Kwa hiyo msafiri aliyeumwa nyikani huweza kuugua akiwa mlimani, akaulaumu mlima. Au akashuka akaugua pwani, akiwa ameipata homa njiani. Burton na Speke walipougua Pangani hawakuwa na njia ya kujua ni usiku upi uliowaletea homa.

Sasa tuje kwa watu wa namna ya tatu. Wajerumani walipoitwaa nchi, wamisionari wa Bethel walipanda milima ya magharibi, wakajenga Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895. Watawala wakafanya boma penye bonde la Lushoto, wakapaita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Hapo wakapanda matunda ya nchi za baridi kama plamu na pichi, ambayo hata leo huuzwa njiani Soni na Mombo. Waliochoka kwa joto la pwani walipanda kupumzika, kutembea msituni, kupanda farasi na kutazama nyika kutoka majabali ya ukingoni. Mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul, alitwaa katika milima hiyo ua dogo la zambarau, likapelekwa Ulaya, nalo likaitwa kwa jina lake mwaka 1893. Sasa hupandwa madirishani katika nchi nyingi za dunia. Mwaka 1902 chuo cha kuchunguza mimea na kilimo kilianzishwa Amani. Reli iliyoanzia Tanga ikafika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905, na mtu wa pwani akaweza kuifikia baridi kwa urahisi.

Mambo haya yalikuwa mazuri kwa waliyoyapata. Lakini twalazimika kuuliza, mahali hapo palikuwa pa nani? Amri ya mwaka 1895 ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Machoni pa mgeni, shamba lililoachwa lipumzike ni pori, na msitu ni mahali pasipo na mtu. Machoni pa Mshambaa shamba lililolala lina mwenyewe, na msitu una kazi: maji hutoka humo, dawa hutoka humo, na wajukuu watalima pembezoni mwake. Basi sehemu nyingi nzuri zilitolewa kwa walowezi. Ile hewa njema ambayo wenyeji waliichagua pamoja na chakula na njia, wageni waliichagua kwa macho, wakaitenga na watu wake.

Macho hayo yaliwadanganya hata wenyewe. Katika milima ya mashariki, tangu mwanzo wa miaka ya 1890, kampuni za Kijerumani zilikata msitu mkubwa zikapanda kahawa. Walidhani kwamba ardhi inayoweza kulea miti mirefu namna ile lazima ina rutuba isiyokwisha. Kumbe rutuba ilikuwa katika miti yenyewe na majani yake yaangukayo, na chini yake udongo ulikuwa umechujwa na mvua. Miaka michache ikapita, kahawa ikadhoofika, na mali nyingi ikapotea.

Utawala wa Kijerumani ulipokwisha, jina la Wilhelmstal likaondoka, Lushoto likarudi. Waingereza nao waliipenda baridi yake. Lakini watu walikuwa wameongezeka, ardhi haikuongezeka, na mashamba yalilimwa bila kupumzika. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 serikali ilianza kuwalazimisha Wasambaa kufanya matuta ili kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Kusudi halikuwa baya, maana udongo kweli ulikuwa ukienda. Walakini amri ilikuja kama adhabu, kazi ilikuwa nzito, na wenye mashamba hawakuulizwa. Watu walikataa, wakagomba, na mwaka 1957 mpango huo ukaachwa.

Tena wachunguzi waliopima malaria katika milima hii wameona kwamba hupungua sana mtu apandapo, lakini mlima si ukuta. Mahali ambapo misitu imekatwa na vinamasi vimefunguliwa kwa jua, maji hupata joto na mbu hupata makao mapya. Hata Amani, iliyokuwa na sifa ya afya, imepata homa yake. Kwa hiyo anayesema leo, "Nahamia mlimani, sihitaji chandarua," anasema kama mtu wa zama za hewa mbaya.

Ndugu wasomaji, kwa nini twayaandika haya kwa walimu na makasisi? Kwa sababu wengi wetu bado huulizwa, au hujiuliza, mahali pa kujenga shule, pa kuwapeleka wanafunzi kwa mapumziko, au pa kukaa baada ya kustaafu. Na mara nyingi twachagua kama Askofu Tozer alivyochagua Morambala: twaona kilima kizuri kwa mbali, twasikia upepo, twasema, "Hapa." Tungefanya vema kuuliza kwanza maswali manne. Wenyeji wanalala wapi, na wapi hawalali? Maji na chakula hutoka wapi mwaka wa ukame? Mahali hapa panaitwaje, na jina hilo lina maana gani? Na la mwisho, ambalo ni zito kuliko yote: sisi tukikaa hapa, ni nani atakayelazimika kuondoka?

Swali la kwanza na la pili lingewafaa wale wa Magomero na Morambala. La tatu lingewafunulia madaktari habari za mbu kabla ya darubini. La nne liliulizwa na watu wachache mno katika nchi yetu, si Usambara tu, bali kila mahali penye baridi na mandhari nzuri.

Kutaka hewa njema si dhambi, wala kutembea mlimani kwa furaha si upuuzi. Mwili umeumbwa uchoke na upumzike. Leo wageni wengi hupanda Lushoto, huongozwa na vijana wa Kisambaa katika njia za msitu wa Magamba, na husimama penye jabali la Irente kuitazama nyika ile ile. Vijana hao hujipatia riziki yao, nasi twafurahi kwa ajili yao. Lakini mgeni mwenye busara atamwuliza kiongozi wake si majina ya vilele tu, bali kwa nini babu yake alijenga pale ukingoni, asijenge juu zaidi wala chini zaidi. Jibu atakalopewa ni la watu waliokaa hapo kwa vizazi vingi, waliougua na kupona, na kujifunza kwa gharama yao wenyewe.